Mita Sitini

Masijala ya wilaya, Lindi, saa mbili na robo.
Bwana Nangomwa anafuta vumbi la meza kwa kiganja,
ananiuliza namba ya faili. Sina.
Ninalo jina la mkondo tu, na mikoko iliyokatwa
ng'ambo, kwetu Kitunda, pakachimbwa majaruba ya chumvi.
"Hapa hatutafuti kwa majina," anasema. "Rudi Alhamisi."

Alhamisi faili lipo kwa Afisa.
Jumatatu Afisa yupo Dodoma.
Alhamisi ya pili limepatikana,
limefungwa kamba ya katani, limeliwa pembe na mchwa
(mchwa nao ni wadau, ila hawakusaini).

Nikaketi kwenye benchi la wanaosubiri vyeti vya kuzaliwa,
nikasoma.

Sheria ina mwendo wake:
inapiga hatua moja, inageuka kutazama nyuma,
bila kuathiri masharti ya kifungu kidogo cha tatu,
isipokuwa pale Waziri atakapoelekeza vinginevyo,
hata ukikifikia kitenzi umesahau
nani alikuwa anamfanya nani nini.
Nilisoma kidole kikiwa chini ya mstari
kama nilivyosomeshwa juzuu kule chuoni,
fimbo ya mkoko ikiningoja nikosee.

Nikafika. Shughuli ya kudumu isifanyike
ndani ya mita sitini kutoka baharini.

Nikacheka peke yangu. Mama mwenye kichanga akanitazama.
Mita sitini kutoka bahari ipi?
Bahari yetu haikai.
Asubuhi iko uani kwa Somoe Chinguile, inalamba kinu;
adhuhuri imekwenda zake, unaiona kama uzi,
na wanawake wanatembea juu ya sakafu yake
wakichokoa pweza.

Ukurasa wa kumi na tisa mpima ardhi ameandika
kwa wino wa buluu, mwandiko safi, nikauonea wivu:
"Umbali kutoka maji: mita sitini na nne. Inafaa."
Juni kumi na moja. Saa hakuandika.

Kalenda ya msikiti ya mwaka ule
mama aliifanya jalada la daftari la Shazili, Hesabu, darasa la tano.
Nikalibandua taratibu, Shazili akilia.
Juni kumi na moja; chini yake, kwa tarakimu ndogo za kijani,
ishirini na mbili.

Somoe hakuhitaji kalenda.
"Mwezi ishirini na mbili ni maji mafu, mwanangu.
Hayajai yakajaa, hayapwi yakapwa.
Siku hiyo hata mimi ningeipima bahari nikaikuta mbali."

Tukangoja bamvua.
Tukapima wenyewe, maji yakitufika vifundoni,
kwa futikamba ya fundi cherehani, mita moja na nusu,
tukiisogeza, tukibishana, tukianza upya
kwa sababu Somoe alisahau kama ni ya tisa au ya kumi.
Mara kumi na nne. Mita ishirini na moja,
kutoka ukingo wa maji hadi tuta la kwanza la jaruba.
Wakati tunaandika yakawa ishirini.

Barua nimeichapisha nakala tatu.
Nimetaja kifungu, nimetaja ukurasa, nimetaja mwezi,
na hilo la mwezi sikujua liwekwe wapi
maana fomu haina sehemu yake. Nikaliweka kwenye "Mengineyo".

Bwana Nangomwa ameisoma yote,
jambo ambalo hakulazimika.
Muhuri ulikuwa mkavu. Akauhohea pumzi, akagonga tena,
kwa hiyo barua yetu imepokelewa mara moja na nusu.

Halafu akauliza, sauti chini, kama mtu aliyekwisha toka kazini:
"Humo ndani, waliandika mikoko ilikuwa mingapi?"

Nikamwambia jedwali lipo.
Kisanduku kipo, kimepigiwa rula vizuri.
Ndani yake wameweka kistari.