Mdomo wa Kisima

Kisima ni kimoja, nyuma ya vilima vya mchanga pale Shela,
lakini karatasini nimekikuta kimezaa:
kampuni ya maji yakiita Nambari Kumi na Nne,
watu wa afya wakiita Cha Msikiti,
na Mwanakheri, wa kujitolea, asiyelipwa hata nauli ya boti,
ameandika kwa penseli: Cha Mwana Tau,
Mungu amrehemu, ndiye aliyekichimbisha.

Mimi kazi yangu kuunganisha.
Ndivyo isemavyo barua ya kaunti, na mhuri juu yake.
Nimepewa meza, feni yenye kikohozi,
na daftari tatu zisizosalimiana.

Ya kwanza yasema maji yako chini mita nane.
Ya pili, saba na nusu.
Ya tatu haijui mita: pima nne, shubiri mbili.
Siku ile ile. Kisima kile kile.
Nikampigia Bwana Kombo wa kampuni:
"Hao wa afya hawajui kupima."
Nikawapigia wa afya:
"Hao wa kampuni hupimia ofisini."
Mwanakheri hakupokea simu.
Alikuwa kisimani.

Basi Jumanne nikawaita wote, kila mtu na kamba yake.
Kombo akashusha utepe wa chuma kutoka juu ya ukingo wa saruji.
Tima wa afya akapiga magoti, akaanzia ardhini,
maana ukingo, asema, umeletwa juzi na wafadhili,
na maji hayajui habari za wafadhili.
Mwanakheri akapapasa chini ya saruji, kwenye jiwe la kale,
pale kamba za miaka zilipochonga mfereji wa kidole,
akaanzia hapo, alipoanzia mama yake.

Hakuna aliyekuwa mwongo.
Kila mmoja alikuwa mkweli kutoka pake.

Nikakaa mchangani.
Miezi mitano ya barua, vikao viwili vya chai na mahamri,
ugomvi wa posho, nakala kwa mkurugenzi,
na kilichotutenga ni nusu mita ya saruji!
Shee, aliyekuja kunywesha punda wake na kubaki kututazama,
akaenda kwake, akarudi na kopo la rangi nyekundu
iliyobaki alipopaka mlango.
Tukachora mstari jiweni.
"Toka hapa," akasema Kombo. "Hata mimi."

Mwanakheri akateka. "Ndoo," akaniambia.
Nami, mtu wa bara, niliyehamishiwa huku mwaka jana tu,
nikamkimbilia na ndoo.
Wakacheka hadi punda akageuka.
"Nakwita, sikutumi!"
Nikaenda. Akanipa kikombe, nionje.

Chumvi ilikuwamo, kidogo,
kama ya wali uliopikwa na mtu mwenye haya.
Kifaa cha Tima kikatoa tarakimu nne, kikazima, betri.
Mwanakheri akafunua safu yake ya mwisho,
ile niliyoiruka kila mara kwa kuwa haina namba:
Rajabu, matamu.
Shaabani, matamu.
Ramadhani, matamu, ila ya alfajiri.
Mfungo Mosi, yaanza kusema.

Usiku nikazilaza daftari tatu pamoja, mstari mmoja,
nikatoa saruji hapa, nikaongeza jiwe pale,
na kwa mara ya kwanza zikakubaliana,
na walilokubaliana si zuri:
maji matamu yashuka, bahari yapanda chini kwa chini,
na nyumba za wageni zaota juu ya mchanga
uliokuwa ukituchujia mvua.
Nilipendelea zilipokuwa zikigombana.

Asubuhi nikaandika, nakala kwa wote, na ya Shee kwa mkono.
Kanijibu swali moja: brashi italipwa na nani?
Kopo limebaki nusu.
Visima, ishirini na tisa.