Mkono wa Kulia

Bibi yangu Ottilia alitarizi herufi za watu.
Pembe ya leso, jina la bwana fulani wa mbali:
mwenye benki Zürich, daktari wa Vienna,
mishono midogo kama mayai ya chawa.
Herufi zake hakuzitarizi popote.
Alipokufa tulipekua kabati, hadi foronya.

Hapa Appenzell, Jumapili ya mwisho ya Aprili,
wanaume huingia ndani ya kamba
na upanga kiunoni. Upanga ndio cheti.
Hakuna karatasi, hakuna sanduku,
ni mikono tu na mbingu,
na sisi nyuma ya kamba, tumeshika makoti yao.

Mkono mtupu haulambwi, husema watu.
Wetu haukuwa mtupu hata siku moja:
sindano, ndoo ya maziwa, kichwa cha mtoto mwenye homa,
daftari la kodi (kodi ilinihesabu bila kukosea).

Kolumban, mume wangu, si mtu mbaya.
Alinieleza taratibu, akimenya kiazi:
"Kura yangu ni ya nyumba nzima. Nakupigia na wewe."
Nikamwambia, kura unanipigia,
na kula je, utanilia?
Akacheka. Kiazi akakila.

Mwaka wa sabini na moja nchi ilitufungulia mlango.
Tangu hapo niliweza kuamua mambo ya Bern,
nisiweze kuamua mfereji
unaopita nyuma ya zizi langu.

Beda alipotimiza ishirini, babu yake alimvika upanga.
Upanga ule haujakata kitu, hata jibini.
Mwanangu, niliyemfunga kamba za viatu,
akaingia uwanjani bila kugeuka.
Jana yake aliniuliza: "Mama, riba ni nini?"

Mara tatu waliulizwa habari zetu, wao kwa wao.
Mara tatu mikono ikasema la.
Mara ya tatu nilikuwa dirishani, juu ya duka la mikate,
nikitafuta mkono mmoja kati ya maelfu.
Swali la ndiyo. Nikamwona Kolumban:
mkono wake umepanda hadi sikioni,
ukakaa pale,
kama wa mtu anayejikuna.

Jioni nilimpa supu. Sikumuuliza neno.
Chumvi ilizidi. Akainywa yote.

Novemba, nasugua ndoo, redio inakoroma:
majaji wa Lausanne wamesoma upya katiba yetu,
mahali palipoandikwa "watu wa nchi",
wakatukuta humo.
Hawakuongeza herufi.
Miaka yote ile tulikuwa ndani ya neno
na mlango umerudishwa tu, haukufungwa.
Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Ng'ombe akanitazama. Nikamwambia yeye kwanza.

Aprili ikafika, na baridi yake.
Nilikuwa na kadi ya njano mfukoni, badala ya upanga,
na leso ya bibi, ile ambayo pembe yake haina kitu.
Mzee mmoja alitema mate karibu na kiatu changu,
karibu tu; hata yeye alipima.
Jirani yangu Albertina alikataa kuja.
"Nitaonekana," alisema. Nami niliogopa hilohilo.

Jambo la nne lilikuwa mfereji.
Wanaokubali? Kolumban juu. Beda juu.
Msitu wa mikono, karibu uwanja mzima.
Wanaokataa?
Mkono wangu wa kulia una baridi yabisi,
vidole vimepinda kwa miaka ya sindano.
Haukunyooka vizuri. Ulipanda hivyohivyo,
umekunjamana kama tawi la mtofaa wakati wa theluji,
na mimi chini yake, natetemeka, nataka kucheka.

Mfereji ukapita. Tulishindwa, sisi wachache.
Nimeshindwa mara nyingi maishani,
lakini siku ile nilishindwa kwa hesabu.

Njiani Kolumban akaninong'oneza:
"Mbona umepinga?"
Maji yatarudi zizini, nikamwambia. Wamechora mteremko kinyume.
"Ungenieleza mapema."

Hukuuliza.