Barua ya Sheha

Riziki karudi dago, miguu ina chumvi mpaka magotini,
miaka kumi na moja, kalamu hajui inashikwa vipi.
Kaka yangu kamwacha barazani kwangu
na kipolo cha dagaa, na neno moja:
"Mtafutie skuli."
Kana kwamba skuli ni kitoweo,
unapita sokoni Konde, unachagua.

Sheha nilimkuta kwenye karafuu,
watu wanapima pishi, wanagombana, wanachambua makonyo.
Kaandika juu ya goti lake, kalamu inakwama,
huku akimjibu mwengine habari za magunia.
Nikaikunja barua mara nne, nikaifunga pindoni.

Mie nasema wazi: sisomi.
Za chuoni nazijua, alifu mpaka ye,
lakini hizi za skuli zinatembea kinyumenyume,
hazina hata irabu juu ya kichwa
za kumshika mtu mkono.

Skuli ya kwanza: pamejaa.
Dawati moja watoto wanne,
wa mwisho kakaa ukingoni kama kuku juu ya ua.

Skuli ya pili: cheti cha kuzaliwa.
Nikasema, kazaliwa kambini, upande wa Tanga, usiku,
mkunga mke wa mpishi,
na mamake kabaki huko huko, mchangani mwa watu.
Tarehe? Siku ya tatu ya bamvua.
Hiyo si tarehe, bibi.

Skuli ya tatu, karani kasoma barua,
kamtazama mtoto, kaisoma tena, kacheka:
"Huyu tumtie dakhalia ya wasichana?"
Nikajua anamcheka nywele.
Jioni ile ile nikamnyoa kwa wembe,
kimya, yeye kimya, nywele zinaanguka kwenye ungo.

Skuli ya nne walimpokea. Darasa la kwanza.
Kaingia, vitoto vya miaka sita vikasimama vyote:
"Shikamoo mwalimu!"
Nilimkuta nyuma ya tangi la maji.
"Nirudishe dago," kasema.
Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Salhina ndiye aliyetuona,
yule mwenye kibanda cha vocha pale njiapanda.
Hata hakuinua macho kwenye simu yake:
"Mbona hamwendi jioni? Skuli ile ile ya pili,
lango la nyuma, saa kumi.
Pana darasa la waliochelewa. Bure.
Mwalimu Bikombo haanzi na cheti, anaanza na jina.
Na cheti kina ofisi yake, nenda wilayani Jumatano
na mashahidi wawili, wasiwe wagomvi."

Siku nne nimezunguka na jua,
na mlango ulikuwa upande wa pili wa ukuta.

Nikamchungulia dirishani.
Kakaa baina ya kijana aliyeanguka mkarafuuni,
mguu bado una bendeji,
na msichana anayeandika kwa mkono mmoja,
mwengine kampakata mwanawe.
Hakuna aliyesimama. Hakuna shikamoo.
Mwalimu kauliza, "Wewe nani?"
Mtoto wangu kasema jina lake
kwa sauti ya mtu anayeita chombo ng'ambo.

Karafuu zimekwisha, mvua zimekuja.
Usiku wa jana kaiona barua chini ya mkeka,
kaisogeza kwenye taa, kidole kinatambaa kama konokono:
"A-na-i-twa Ri-zi-ki Fa-ki.
Ni m-to-to wa ki... ke."
Kanyamaza.
"Shangazi. Mie mtoto wa kike?"

Nilicheka mpaka jirani kagonga ukuta.
Kisha nikakumbuka karani, nikakumbuka ungo,
kicheko kikanikwama.

Yeye keshachukua penseli.
Kakata *ke*, juu yake kaandika *ume*,
m imekaa kombo kama kaa aliyekanyagwa,
hakuna aliyemwambia aandike.

Barua ninayo. Sheha sijamrudishia.
Nywele nazo zimeshaota,
na safari hii nimeziacha.