Zamu ya Usiku, Bahrenfeld

Chini ya bustani, chini ya uwanja wa mbio za farasi,
handaki limejikunja duara, kilomita sita na ushei,
na Hamburg haina habari. Hamburg imelala,
mvua yapiga vioo vya mabasi matupu.

Heinke Lührs ana chupa ya chai
na soksi ya kijivu, bado haijashuka kisiginoni.
Miaka kumi na tisa anakesha na mtambo huu.
"Elektroni ni sindano," ananiambia,
"na protoni ni mfuko. Tunadunga tujue kilichomo."

Kilichomo si punje tatu, kama nilivyokariri shuleni.
Ukidunga taratibu, sawa, ni tatu,
kwaki zimetulia kama watu kwenye picha ya pasipoti.
Dunga kwa nguvu zaidi:
gluoni yazaa gluoni, nayo yazaa,
jozi za kwaki zaibuka, zazama,
kila ukisogeza jicho umati unaongezeka
hadi hapana pa kutia hata ukucha.

Na zina ukaidi wake, kwaki.
Zikikaribiana, kila moja na hamsini zake.
Zitenge, ndipo gundi inapokaza,
wala umbali hauilegezi,
vuta, vuta,
mpaka ikatike —
na nguvu zako zote za kuvuta
zimekwisha geuka kwaki mpya, papo hapo kwenye jeraha.
Hakuna ncha inayobaki wazi.

Saa tisa na dakika kumi skrini ikawaka.
Elektroni imeteguka, imekwenda zake pembeni;
mkabala wake, mchirizi wa chembe, mnene, umebanana:
kwaki iliyopigwa imefika na wasindikizaji wake.
Wao tunawahesabu. Yenyewe hatutaiona kamwe.

Nikasema, ujana huu, "Kama mapenzi."

Heinke alikuwa anahesabu vitanzi. Akamaliza safu.
"Mapenzi hukatika," alisema,
"na kipande kikabaki kipande.
Nina sahani sita kabatini. Naosha moja."

Kisha akavuta daftari la zamu, akaandika kwa wino wa buluu:
Mwale umetulia. Tukio moja safi. Pampu ya nne inalia tena.

Alfajiri, kwenye maegesho ya baiskeli,
alinitupia ile soksi, imekamilika, ya moto kutoka mfukoni.
Moja.
"Ya pili," alisema, akifuta tandiko kwa mkono wa koti,
"Alhamisi. Ukiwahi."