Safu ya Kumi na Moja

Saa saba usiku, Awqad, ghorofa ya pili.
Chini yetu fundi cherehani kafunga duka,
feni kaisahau, inazunguka gizani.
Kimbunga kimeshapita juu ya watu;
sasa ni zamu ya simu yangu.

Mimi si daktari. Sijui kushona jeraha
wala kuchimba kisima.
Kazi yangu majina:
nani yupo, nani yuko tayari,
pasipoti ya nani inakufa mwezi ujao,
nani alichanjwa,
nani aliogopa sindano akasema alichanjwa.
Wakubwa wa Maskati wameandika: watu kumi na wawili,
saa arobaini na nane.
Wameandika kama mtu anayeagiza viti vya harusi.

Nampigia Jocelyn, muuguzi. Anaitika mlio wa kwanza.
"Nilishafunga begi," anasema, "tangu upepo ulipogeuka."
Nampigia Biju, dereva wa lori. Anauliza posho,
anauliza bima, anauliza tena bima,
halafu kimya, nasikia mtoto akikohoa,
halafu: "Saa ngapi?"
Nampigia Daktari Elfatih.
Mkewe yuko leba, hapa hapa Salala.
Ananiomba radhi. Mimi! Ananiomba radhi mimi.
Namtakia heri, nakata simu,
navuta mstari mwekundu juu ya jina lake,
na mkono wangu, Mungu anajua, haukutetemeka.
Hilo ndilo lililonitia hofu.

Mama, aliyekuja huku na Kiswahili chake cha Wete
kimefungwa kanga moja na mbuzi ya nazi,
hakuchoka kuniambia haraka haina baraka.
Mama, njoo ukae kwenye kiti hiki.
Ng'ambo ya mpaka maji yamefika madirishani
na baraka yenyewe inangoja sahihi tatu.

Saa tisa. Watu kumi na mmoja.
Safu ya kumi na moja ya jedwali langu ni lugha,
na huko wanakokwenda, vikongwe wa mabondeni
huomba maji kwa Kimehri.
Kiarabu ninacho tele. Kiingereza, cha kumwaga.
Kihindi, Kitagalogi,
Kifaransa cha bwana mmoja aliyesoma Tunisi.
Kimehri: sifuri.
Mashine huandika sifuri vizuri sana,
duara lisilo na haya.

Ndipo Musallam akaleta chai.
Mlinzi wetu wa geti. Kila alfajiri
humsemesha paka wake maneno
ambayo sijawahi kuyauliza.
Leo nikayauliza.
"Ya mama yangu hayo," akasema. "Kimehri. Kwani?"

Miaka sita ananifungulia geti.
Mimi, ofisa wa watumishi, fundi wa kujua watu.

Fomu inataka cheti. Hana.
Inataka mdhamini. Akamtaja ngamia wa ami yake,
tukacheka mpaka chai ikamwagika.
Inataka jamaa wa karibu, wa kupigiwa simu endapo...
fomu haikuimaliza sentensi ile,
na mimi sikuimalizia.
Penye sifa za kitaaluma nikaandika:
lugha aliinyonya.
Nikatia sahihi. Kama ni kosa,
lina jina langu na tarehe.

Kumekucha, basi limewasha injini.
Nahesabu vichwa kwa kidole kupitia kioo,
Biju kalala tayari, mdomo wazi,
Jocelyn anagawa vidonge vya malaria kama peremende.
Musallam kakaa mbele, kikoi kipya,
mikono magotini, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.
Kumi na wawili.
Simu ikatetemeka mfukoni. Maskati:
*Ahsante. Wengine sita wapatikane kabla ya Ijumaa.*

Nikarudi kufunga geti mwenyewe,
sikujua hata komeo huvutwa upande gani.
Paka kapanda kiti cha mlinzi,
ananikodolea macho, anangoja neno lake.
Nikamjaribu kwa Kiarabu.
Nikamjaribu kwa Kiswahili.