Miiba

Tulitoka Kapsokwony saa kumi za usiku,
mjomba Psiwa mbele, mimi nyuma,
tochi moja, na betri zake zilizoanikwa juani
zipate nguvu ya kuazima.

Kwenye mianzi njia ilikuwa ya tembo:
kila unyayo beseni, kila beseni na mwezi wake.
"Kanyaga ukingo," alisema, "katikati ni kwao."
Hakusema tena mpaka kulipopambazuka.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilihesabu hatua
hadi elfu nne na kitu, kifua kikanishinda,
nikaanza upya, moja, mbili, kama mtoto wa chekechea.
Yeye ana miaka sabini na miwili
na anapanda kama mtu anayekwenda kudai deni.

Juu ya mianzi nchi inabadilika bila kupiga hodi.
Miti inapungua, kisha si miti tena:
vichwa vya kabeji juu ya nguzo nyeusi,
vimevaa majani makavu kama makoti ya marehemu.
Barafu nyembamba kwenye nyasi; ukiikanyaga
inalia kama kaukau mdomoni.

Ziwa lenyewe, ukiniuliza, halijazi uwanja wa shule.
Kwenye ramani ya mbuga halina jina.
Mjomba analiita Lile.
"Lile limeamka vibaya leo."

Trauti hawana asili huku. Babu yake aliwaona
wakipandishwa kwa madebe, vichwani mwa watu,
wadogo kama kope, na mzungu nyuma akifoka
maji yasimwagike.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa hakuna aliyewapa jembe.
Wamekaa tu, wamezaana, wamejifunza baridi ya kwetu
mpaka wakaota madoa mekundu kama shanga za bibi.

Ufito wangu ni wa mwanzi. Nzi wa chambo nilimfunga mwenyewe
juzi, nikisahihisha mitihani ya kidato cha pili:
unyoya wa jogoo wa jirani, uzi wa sweta,
tone la gundi. Jogoo anajua. Jirani hajui.

Nilirusha. Upepo ukanirudishia kwenye kofia.
Nilirusha. Nikavua jani.
Mjomba amechuchumaa juu ya jiwe, hacheki,
ila mabega yake yanacheka.
"Usilipige ziwa. Lisalimie."
Nikarusha kama anayeweka kikombe
karibu na mgonjwa aliyelala.

Kisha mshipi ukawa na mtu upande wa pili.

Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Tulimchoma kwa kuni tulizopanda nazo, chumvi, basi.
Nikammegea mjomba, juu ya ugali wa wimbi.
Akakiangalia kipande.
"Sijawahi," akasema.

Miaka arobaini na mmoja alibeba fito za watu:
wazungu, madaktari, mkuu wa wilaya mmoja aliyelia kwa baridi.
Alichomoa ndoana, alipasua matumbo, alipewa shilingi.
Nyumbani kwao samaki alikuwa nyoka wa maji;
mama yake hakumruhusu kugusa kibuyu cha maziwa
kwa mkono unaonuka vile.
Alinawa kwa majivu, kila mara, kabla ya mlango.
Mama alikufa. Aliendelea kunawa.

Alikula polepole. Akatema mwiba kiganjani,
akauinua kwenye mwanga kama anayetunga sindano.
"Kumbe nilikuwa nabeba chakula."
Si kwa uchungu. Kama mtu aliyekuta
sarafu kwenye koti la zamani,
na sarafu yenyewe haitumiki tena.

Wakati wa kushuka magoti yalinisema kwa Kisabaoti.
Simu ikafufuka, ikatapika ujumbe: karo, kikao, karo.
Kwenye kijito cha mwisho mjomba alisimama
penye jivu la wachungaji,
akachota, akalitazama,
akalimwaga.
Akaingia kwake na mikono vile ilivyo.

Mimi nilinawa.
Nilikuwa na madaftari ya watoto.