Kamba Tatu za Nakiwogo

Entebbe ni kiti, Nasanga alinieleza,
kiti walichokiweka ziwani miguu ikalowa,
nasi tumekikalia nusu nusu
kama wageni ambao mwenye nyumba hajawaambia karibu.

Mimi hufua sare za watu wa ndege.
Mashati kumi na manane, kola zisizosamehe,
yarudi yamepigwa pasi kabla ya saa tisa.
Na saa za hapa hazitundikwi ukutani.

Visiwa vya Ssese vikisogea karibu
hata miti yake ukaihesabu mmoja mmoja,
usianike.
Vikimezwa na ukungu, anika,
ila usiende sokoni.
Upepo ukitoka bara, una moshi wa kuni za Katabi,
umepewa saa mbili.
Ukigeuka, ukaleta mafunjo na mukene mbichi,
umepewa muda wa kuita mtoto mara moja tu,
tena awe na jina fupi.

Redio husema: jua, na mvua mahali pachache.
Mahali pachache ni hapa.
Nimeona mashati yakinyeshewa
na suruali, kamba ile ile, zikikauka.

Mwalimu Okwir alituandikisha miezi ya mvua,
tukaikariri tukiwa tumesimama.
Ziwa halikuwa darasani siku hiyo.

Juzi wingu lilisimama juu ya maji, jeusi, lenye kiuno,
nikadhani meli inaungua.
Kumbe ni sami. Walitua kwenye unyevu
kama pilipili manga iliyomwagwa kwa hasira.
Kuku wa jirani walikula hadi wakasinzia.
Mimi nikarudi kwenye beseni.

Kamba zangu zilikuwa tatu.
Mwaka ule maji yalipopanda hayakupiga hodi wala kelele,
yalikuja kama deni, kidogo, kidogo,
yakapita jiwe la kufulia,
yakapita choo cha Byekwaso, tukacheka,
kisha hatukucheka.
Asubuhi moja kisiwa cha mafunjo kilikuwa kimeegesha
penye kamba ya chini, kina ndege wake na mayai yao,
kimekuja kuhamia.

Maji yalishuka, lakini si yote.
Nguzo bado imesimama humo, kiuno majini.
Mdiria huikalia, mweusi na mweupe,
msafi kuliko kazi yangu yote.
Simfukuzi. Ile sehemu hata kodi silipi tena.

Leo rubani amelishika shati kwenye kwapa,
akauliza kwa nini lina ubaridi.
Nikamwambia: wewe upitaye juu ya mawingu,
si ungeyauliza huko huko?
Akacheka, akalipa, akalivaa hivyo hivyo.

Usiku huu nimetoka bila taa,
nimelamba kidole nikakiinua.
Upande mmoja umepoa.
Sijajua bado ni upi.